Machozi ya Mkwe

"Nesi," Mzee Ambokile aliniambia, "ukungu wa leo una mishipa."

Alikuwa kibarazani kwake, blanketi mabegani, kope zimevimba, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Mtu mwenye macho mekundu kwa kawaida analalamika tangu unapofika hadi unapoondoka. Huyu alikuwa anatabasamu peke yake.

"Mishipa gani, Baba?"

"Migomba. Imo humo ndani, inawaka polepole. Na wewe unawaka. Hasa hapo," akanyoosha kidole kifuani kwangu, "na hapo mdomoni, maana hapapumziki."

Nikamwambia afunge wa kwake nimpime. Watu wa Lwasyo wanasema mimi ni mkali. Si kweli. Nina miaka hamsini na miwili, ishirini na sita kati ya hiyo nimekuwa nesi wa macho, na sina subira na utani wa mtu ambaye nimepanda kilima kuja kumsikitikia. Basi, ni hilo tu.

Ila nilipomaliza kumpima sikuondoka. Nilisimama nikautazama huo ukungu. Mwezi wa sita kwetu, chini ya Mlima Rungwe, ukungu unaingia mpaka jikoni na kukaa kama mgeni asiyeaga. Mashine za kuchuma chai zilikuwa zinatambaa shambani bila kuonekana, unasikia tu zinavyotafuna. Kwangu mimi palikuwa na weupe mtupu. Nikamwonea wivu kipofu.

Niseme kipofu wa zamani. Usubi wa mtoni ulimmaliza macho Mzee Ambokile miaka kumi na minne iliyopita. Mwaka juzi Taasisi ya Nuru ilipoleta dozi moja kwa kila kata, moja, utadhani kata nzima ina kipofu mmoja, ilipigwa kura na jina lake likatoka la kwanza. La pili lilikuwa la mdogo wangu, Ikupa. Wa pili hana dozi. Wa pili anapewa pole na soda.

Walichomchoma mzee nitakieleza kama nilivyowaeleza wanakijiji, kwa sababu Dokta Mlaki wa Taasisi alipojaribu kueleza mwenyewe, watu walisinzia. Kuna kirusi mdogo sana, mdogo kiasi kwamba hawezi hata kuzaana. Anaingia kwenye seli ya mwili, anakaa, anasubiri. Vifaa vya kujinakili hana. Anachosubiri ni kirusi mkubwa, huyu wa macho mekundu, aje afungue karakana yake. Hapo ndipo mdogo anapochomeka michoro yake kwenye mashine za mwenzake, na nakala zake zinatoka kwa maelfu. Mkubwa asipokuja, mdogo anakaa kimya maisha yote.

"Kwa hiyo huyo mdogo ni utingo," alisema mmoja pale mkutanoni. "Lori likiwepo anafika Tunduma. Lori lisipokuwepo anazeekea stendi."

Tangu siku hiyo kata nzima inamwita Utingo. Dokta Mlaki naye siku hizi anamwita hivyo, ingawa kwenye makaratasi yake ana namba ndefu.

Sasa, Taasisi walimbebesha Utingo mzigo: maelekezo ya kuzifundisha seli za nyuma ya jicho, zile ambazo usubi haukuzila, kuhisi ule mwanga hafifu ambao kila chenye uhai hutoa. Walimchoma mzee. Wakampa macho mekundu dhaifu kwa siku tatu ili Utingo asambae jicho zima. Kisha wakamtia matone ya kuua macho mekundu. Lori likafa, Utingo akalala. Walisema atalala milele. Ningependa kujua nani aliwauzia hiyo milele.

Mwezi wa tano tulikuwa na msiba, na wageni walipanda kutoka bondeni na macho mekundu yao ya kawaida, ya sokoni. Mzee akayapata. Lori jipya likasimama mlangoni kwa Utingo likapiga honi, na safari hii hakubaki ndani ya mzee. Alitoka na machozi.

Wa kwanza alikuwa Bibi Tupokigwe, mke wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akimfuta uso. Bibi ana macho mazima, anaona sindano sakafuni. Siku ya pili alianza kuona kuku ndani ya banda lililofungwa, wanang'aa wamejikunja. Akifumba macho anawaona zaidi. Siku ya tano alishika nyanya mbili, mbivu na mbichi, akaniuliza ipi ni ipi. Ndivyo Utingo anavyowafanya wenye macho mazima: anawapa mwanga ule, na anachukua rangi. Nyekundu inaondoka kwanza, kijani inafuata, kisha jua la mchana linakuwa pilipili. Hadi mwisho wa mwezi nusu ya Lwasyo walikuwa hivyo. Walitoka nje wakati wa ukungu tu, wakatembea taratibu, wamefumba macho, wakitabasamu na kupishana bila kugongana. Wengine walisema hawajawahi kuwa na raha namna ile. Fundi wa kushona alifunga cherehani yake akakaa nayo mapajani akilia.

*

Jumatatu kipepeo cha Taasisi, ile ndege ndogo isiyo na rubani, kilishuka uani kwenye zahanati kikaacha sanduku la matone. Wakati huohuo uso wa Dokta Mlaki ukatokea kwenye skrini ya ukutani kwangu, amechoka, nywele hazijachanwa.

"Sista Subilaga, tunaanza Alhamisi. Kata nzima siku moja, siku tatu mfululizo. Akibaki mmoja tu mwenye macho mekundu, Utingo ana usafiri, na tutakuwa tumefanya kazi bure. Kata imefungwa, haingii mtu wala hatoki. Umeiona orodha?"

Nilikuwa naisoma. Watu waliokwisha kuambukizwa, kwa mpangilio wa ukaribu na mgonjwa wa kwanza. Namba moja, Tupokigwe, mke. Namba mbili, Ikupa, mke wa mtoto wake, anaishi boma moja naye, ndiye anayepika chakula chake.

Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Kuna nini?"

"Dokta, aliyeandika hii ni mtu wa wapi?"

Akasema imeandikwa na mashine. Nikamwambia basi mashine hiyo haijaoa Unyakyusa.

Kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Si kwa chuki, ni heshima. Hatamki jina lake, hapiti njia yake, hagusi nguo yake wala kikombe chake, na akisikia anakuja anajificha. Wengi siku hizi wameacha. Ikupa hajaacha, na mzee naye ni wa zamani. Kwa hiyo kwa miaka mingi pale bomani walikuwepo vipofu wawili wanaokwepana kwa masikio. Mzee hakohoi ila anapotaka kutoka nje. Ikupa akisikia kikohozi anagonga sufuria kumjulisha alipo, na mzee anazunguka nyuma ya zizi. Hata baada ya kupata macho yake mapya, mzee aliendelea kukohoa. Tangu ugonjwa uingie, Ikupa anapika kwenye nyumba yake mwisho wa migomba, anaweka chungu juu ya kisiki, anagonga mfuniko, anarudi ndani na kufunga mlango. Bibi anakuja kukichukua. Mume wake Ikupa yuko Makambako kwenye minara ya upepo.

Boma zima lilikuwa linachuruzika machozi isipokuwa Ikupa na mtoto wake wa miezi mitano. Mila iliwalinda kuliko barakoa zangu zote.

"Hajaambukizwa," nikamwambia Dokta.

"Vizuri. Atatiwa hivyo hivyo, hayamdhuru."

"Dokta, mdogo wangu ni kipofu. Usubi, kama mzee. Utingo akimfikia, ataona."

"Sista, sijasikia hilo."

"Nimelisema kwa sauti."

"Ndiyo maana nakwambia sijalisikia." Akasugua paji la uso. "Dozi nyingine zitakuja."

"Lini?"

"Kuna mtoto mchanga pale," alisema. "Jicho la mtoto wa miezi mitano bado linajijenga. Mtu mzima anapoteza rangi alizozijua. Mtoto huyu hatazijua kabisa, na mchana utamuuma, na baada ya hapo sijui. Hakuna anayejua. Anyonyeshwe na mama mwenye macho mekundu, kesho yake anayo. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Mimi si mjinga. Nilimwelewa vizuri sana, na bado moyo wangu ulikuwa umeshatoka mlangoni unapanda kilima.

Niseme wazi, maana nimeapa kutosimulia hili kwa kujipendelea. Ikupa nilimlea mimi. Mama alikufa yeye ana miaka sita. Usubi ulianza kumla macho akiwa na kumi na minane, na mimi, nesi wa macho, nilimwambia ni vumbi. Nilimwambia aoshe uso. Miezi minane nilimwambia aoshe uso. Alipofika hospitali kubwa walimwambia amechelewa. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo limenila mimi kuliko usubi ulivyomla yeye.

*

Siku hiyohiyo nilipanda kwa mzee. Alinisikiliza hadi mwisho. Ukungu ulikuwa umefika kwenye ngazi za baraza.

"Namwona," alisema.

"Nani?"

"Mke wa mwanangu. Sitakiwi, na uso sijauona. Lakini mwanga hauna adabu, unapita kwenye mianzi. Jioni naona taa mbili kule mwisho wa migomba, kubwa na ndogo, ndogo imelala juu ya kubwa. Nageuza kichwa." Akajifuta macho na kitambaa chake, kile cha mistari ambacho Bibi humfulia. "Nikigeuka najisikia mwizi. Nimepewa dozi iliyokuwa ya kijana."

"Nataka kumpelekea, Baba."

"Kitambaa changu hakimgusi usoni. Hata nikifa." Alisema hivyo bila ukali, kama anayesema mvua inanyesha juu kwenda chini. "Ingekuwa aibu kwake na kwangu, na mtoto angezaliwa upya ndani ya aibu hiyo."

"Najua."

Tukakaa. Mashine ya chai ikapita karibu, ikaondoka. Kisha mzee akakiweka kitambaa juu ya ukuta wa baraza, katikati yetu, akageuza uso upande wa mlima.

"Wewe si mkamwana wangu," akasema.

Nikakichukua. Nikaenda nyuma ya zizi, nikavua miwani ya kazi na glavu, nikajifuta macho yote mawili, taratibu, kama ninavyowafundisha wanawake kliniki wasifanye. Kitambaa kilikuwa na vuguvugu na harufu ya moshi. Mila haikunikataza mimi. Ningekuwa njia: kutoka kwa mzee kuja kwangu, kutoka kwangu kwenda kwa mdogo wangu, na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Na Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi nitakapopita na chupa, ya Ikupa ingekuwa na maji ya chumvi. Siku tatu lori lipate muda wa kumshusha Utingo. Kwamba kata nzima ingebaki na mlango mmoja wazi, nilijiambia nitaufunga baadaye mwenyewe. Mtu akishaamua, akili inageuka wakili wake.

*

Jumatano niliamka kope zimegandana. Nikaziosha kwa maji ya moto, nikafungua mlango, na nikashika kizingiti.

Sijui nilieleze vipi. Ukungu ulikuwa palepale, mweupe, lakini ndani yake vitu vilikuwa vinapumua. Migomba ilisimama na michirizi ya mwanga ikipanda kutoka chini hadi kwenye majani, polepole sana, kama maziwa yanayotaka kuchemka. Nyasi zilikuwa na vumbi la nuru. Ng'ombe wa jirani alikuwa mlima mzima wa joto, na ndani yake palikuwa na mwanga mwingine mdogo umejikunja, nikajua ana mimba kabla mwenyewe hajajua. Nikafumba macho. Vyote vikazidi.

Nilipita barabarani nikakutana na watu wa kwetu wakitembea kwenye ukungu, kila mmoja taa, wakaniona nilivyo, wakajua. Mama mmoja alinigusa bega tu. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini wanatabasamu. Nilitembea nikiwa natabasamu na mimi, mimi Subilaga, ambaye wanafunzi wa uuguzi huwa wananikimbia. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nakwenda kufanya ubaya, na miguu yangu haikuona tofauti.

Karibu na mwisho wa migomba ukungu ulipasuka kidogo, jua likanichapa usoni. Nikaangalia chini haraka. Njia ya kwa Ikupa ni ya udongo mwekundu, naijua tangu nikiwa mtoto, tulikuwa tunarudi nyumbani miguu imejaa udongo huo. Ilikuwa kijivu. Nikainama nikachukua donge nikalileta karibu na jicho. Kijivu, kama majivu ya jana. Nikalitupa nikajipangusa mkono kwenye sketi, nikaendelea. Maji yakimwagika hayazoleki.

*

Nimwelezee mdogo wangu. Ikupa ana miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwembamba, anacheka kwa pua. Anamenya ndizi haraka kuliko mwenye macho. Akikusalimia anakupitisha mikono usoni, kuanzia paji hadi kidevuni, halafu anajifuta uso wake mwenyewe kwa mikono ileile. Sijui aliianza lini. Ni namna yake ya kukuchukua, kama mtu anayevuta harufu ya chakula.

Nilikuwa nimeitegemea tabia hiyo. Sikukusudia kusema neno. Angenigusa, angejifuta, nami ningemwambia akishaona.

"Dada?" aliita kabla sijabisha. "Hatua zako leo nzito."

"Kilima."

Alikuwa jikoni, mtoto mgongoni. Huyo ndiye Lugano, waliyemngoja miaka saba. Niliwaona wote wawili mara moja. Yeye alikuwa mwanga mrefu, mtulivu. Mtoto alikuwa mkali, mweupe, amebandikwa mgongoni kwa mama yake, na pale walipogusana hapakuwa na mpaka.

"Na pua imeziba," akasema, akisimama, akipangusa mikono kwenye khanga.

"Mafua."

"Mafua ya wapi na wewe hujawahi kuumwa." Akacheka. Akanijia. Mikono ikatua kwenye paji langu, ikashuka kwenye nyusi, ikafika kwenye kope.

Ikasimama.

Vidole vya Ikupa vinajua vitu. Alizigusa kope zangu zilivyovimba, akagusa ute pembeni, akagusa machozi yanavyoshuka. Akarudi nyuma hatua moja. Mikono yake miwili ilibaki juu, mbele yake, imelowa.

"Haya ni ya kule nyumba kubwa," akasema.

"Ndiyo."

"Umeyapataje, na miwani yako ile?"

Nikamwambia. Nilipotaja baba mkwe wake alishtuka, akainua kiwiko akasukuma khanga ifunike kichwa, kana kwamba mzee ameingia. Nikasema haraka, "Kitambaa chake hakitakugusa. Kimenigusa mimi."

Alisimama na mikono yake juu. Hakuigusanisha na kitu.

"Nikijifuta sasa hivi nitaona?"

"Kesho kutwa, au siku inayofuata. Rangi hutaona. Utaona mwanga wa watu na maumbo yao. Mzee anawatambua wajukuu kwa masikio yao."

"Nitamwona Lugano."

"Utamwona."

"Uso wake?"

"Uso, vidole, kope. Kila kitu, Ikupa."

Nikaona anavyotaka. Sijawahi kuona mtu akitaka kitu namna ile. Mwanga wake wote ulipanda ukaja usoni, mdomo ukafunguka kidogo. Mikono ikainuka kidogo kuelekea machoni. Moyo wangu ukasema, haya, mwanangu, haya.

"Na yeye?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Kwa miezi minane niliwahi kumdanganya kuhusu vumbi, na wakati ule sikujua kwamba nadanganya. Safari hii ningejua. Nikamwambia kila alichosema Dokta Mlaki: rangi, mchana, jicho linalojijenga, na kwamba baada ya hapo hakuna anayejua.

"Nitampeleka mbali nawe siku ishirini," nikasema. "Nitamchukua mimi."

"Wewe na hayo macho?"

"Basi Bibi."

"Macho yaleyale. Baba yake hawezi kuingia, kata imefungwa. Nani msafi humu, dada? Nitajie mmoja."

Mtoto akaanza kulia, kile kilio cha njaa kinachoanza kwa kuguna. Ikupa akamtikisa kwa mgongo tu, bila mikono.

"Hatajua alichokosa," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza. "Asiyejua hatamani."

"Mimi najua," akasema. "Miaka kumi na mitatu niko gizani, unajua nimekula nini humu? Udongo mwekundu wa hiyo njia. Gauni la njano la mama. Chai ikishanyeshewa. Kila siku natoa kimoja, nakiangalia, nakirudisha. Mimi nina akiba. Huyu hajaweka hata kimoja." Akavuta pumzi. "Nitamwangalia usoni nikijua nimemwibia. Huko ni kumwona?"

Sikumwambia kwamba udongo mwekundu nimeshaupoteza.

"Ulitaka nikuguse nisijue," akasema. Sasa alikuwa na hasira, na hasira ya Ikupa haina kelele. "Ungeniacha nimnyonyeshe."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi jibu ulikuwa nalo."

Nikakaa chini pale pale kwenye maganda ya ndizi. Nililia kwa aibu, kwa hasira, kwa sababu ya miezi ile minane, na kwa sababu nampenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Na kila chozi lililoshuka lilikuwa na Utingo ndani, maelfu, wamejipanga stendi.

"Toka nje," akaniambia. "Kaa mbali na mlango. Usiguse kitu."

Nikatoka. Nilisimama kwenye ukungu nikamsikia akisukuma kopo la maji kwa kiwiko, akamimina, akasugua sabuni. Alikuwa anahesabu kwa sauti, moja hadi sitini, kama ninavyowafundisha kina mama kliniki. Akamimina tena, akahesabu tena. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati, kisha akaendelea kuanzia alipoishia.

"Kesho uniletee matone ya kweli," akasema kutoka ndani. "Ukiniletea maji nitajua. Ya kweli yanachoma."

"Nitakuletea ya kweli."

"Na wewe ujitie."

"Nitajitia."

Mtoto alikuwa ameshanyamaza, anavuta ziwa, nilisikia. Ukungu ulikuwa umeziba tena na jua limefichika. Nikafikiri ameniacha, nikageuka kuondoka.

"Dada. Bado upo?"

"Nipo."

"Kwa hayo macho yako. Hapo ulipo unamwona?"

Ukuta wa mwisho wa jikoni kwake ni wa mianzi. Waliketi nyuma yake, yeye na mtoto mapajani, na mianzi haikuzuia kitu.

"Namwona."

"Mimi nimemjua kwa vidole tu," Ikupa akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka, na ilikuwa imenisamehe nusu, si zaidi. "Niambie ambayo vidole havijaniambia. Usiharakishe."

Nikafumba macho ili nimwone vizuri zaidi, nikaanza na miguu.